Mtukufu Rais Acheza Gofu Mizabibuni

Nchi ya Tele haimo kwenye ramani yako, ndugu msomaji, na ukiona inafanana na nchi yoyote unayoifahamu, kosa ni la macho yako, si la Tele. Ni nchi iliyojaliwa kila kitu kwa wingi. Mawaziri ni wengi hata wengine huonana kwa mara ya kwanza misibani. Mizinga ya kumkaribisha Mtukufu Rais imeongezwa mara nyingi kiasi kwamba watoto wanaozaliwa karibu na uwanja wa ndege hawashtuki tena na radi. Sisi Watele tuna imani moja ambayo hatujawahi kuitilia shaka: mkubwa ndiye mwenye vingi. Mkuu wetu wa Mkoa, kwa mfano, Mheshimiwa Daktari Daktari Anselmi Kibwiko, ana shahada mbili za udaktari alizotunukiwa, na ukimwita Daktari mara moja tu, hageuki.

Mimi naitwa Zabroni Mtwange, ofisa wa kawaida katika mkoa wa Chigwalu. Huku ardhi ni kavu na mvua ni ya kubahatisha, lakini zabibu, kwa sababu wanazozijua zenyewe na Mungu, zinakubali kuliko mahali popote nchini. Niliteuliwa kuwa Katibu wa Kamati ya Maandalizi ya Gofu kwa sababu siku ya uteuzi nilikuwa kliniki ya meno. Kwa desturi yetu, asiyekuwepo kikaoni ndiye hupewa ukatibu.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mtukufu Rais alikuwa ziarani nchi za baridi, akakaribishwa na tajiri mmoja aitwaye Bwana Vindelaar, mwenye mashamba ya mizabibu yanayopanda vilima na kushuka, na katikati ya mashamba hayo kiwanja cha gofu. Mtukufu hakucheza siku hiyo, viatu vyake havikufaa. Lakini alipandishwa kwenye kigari kidogo kisicho na milango akazungushwa polepole huku akipungiwa mikono na watu wasiomjua, na kigari kile kikamwingia moyoni. Kabla ya kuagana alimwambia mwenyeji wake kwamba Tele nayo ina mizabibu na ina gofu. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na kwa viwango vyetu hiyo ni rekodi.

Bwana Vindelaar akajibu kwamba atakuja kwa furaha, ila kwao watu hawachezi bure. Akaweka sharti. Mtukufu akishinda, yeye Vindelaar atajenga kiwanda cha mvinyo Chigwalu na kununua zabibu za wakulima wote, kila msimu, kwa mizani. Akishinda yeye, atapewa Bonde la Chigwalu lote kwa miaka tisini na tisa alifanye apendavyo. Mtukufu akacheka, akampa mkono. Tangu aingie madarakani alikuwa hajawahi kushindwa kitu chochote, iwe bao, iwe kuvuta kamba na jeshi zima upande wa pili.

Habari ziliposomwa redioni, bonde zima lilipiga vigelegele. Aliyepiga cha mwisho, baada ya wengine kuchoka, alikuwa Bi Nyemo Chilongani, mama mwenye nyumba wangu.

Bi Nyemo ana ekari mbili za mizabibu nyuma ya nyumba. Zamani serikali ilikuwa na kiwanda chake cha mvinyo hapo Chigwalu. Mashine yake ikapelekwa mjini kutengenezwa, haikurudi. Aliyeipeleka alirudi, akapandishwa cheo. Tangu hapo wakulima wamebaki na walanguzi, ambao huja na malori msimu ukiwa umekolea, wakataja bei huku injini inanguruma, na usipokubali wanaondoka. Kila mwaka nilimwona mama huyu akifukia vichala vilivyooza nyuma ya choo, akisawazisha udongo kwa mguu, akanawa mikono. Sikupenda kuangalia.

"Katibu," akaniambia siku ile. Tangu niteuliwe alikuwa ameacha kuniita mwanangu. "Huyo mzungu akishindwa, na mimi nitauza kwa mizani?"

"Atashindwa, mama. Mtukufu hajawahi kushindwa."

"Hilo nalijua," akasema. "Ila leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulifurahia."

*

Kamati ilianza kazi kwa ziara ya mafunzo ng'ambo, kama ilivyo ada. Walikwenda wajumbe wote, wake zao, na ofisa wa kupiga picha. Aliyebaki ni mkata nyasi, kwa kuwa nafasi hazikutosha. Walirudi wamenenepa, wakiwa na fimbo, mipira, kofia na glavu. Glavu ndizo zilizoleta mgogoro wa kwanza, maana kila mjumbe alikuta ameuziwa moja tu, ya mkono wa kushoto. Mkuu wa Mkoa alisema huo ni wizi wa mchana. Wizara ya Mambo ya Nje ikaandika malalamiko rasmi, na baada ya mvutano mkubwa wa kidiplomasia nchi ile ikatuletea glavu nyingine kwa kila mtu, ikiomba radhi. Nazo zilikuwa za kushoto.

Upande wa kiwanja hatukuwa na shida ya mchanga. Gofu inataka nyasi nyingi na mchanga kidogo wa kumsumbua mchezaji. Chigwalu ni mchanga mtupu, hivyo tukapata kiwanja cha mchanga chenye vipande vya nyasi vya kumsumbua mchezaji. Nyasi zenyewe zilibanduliwa kwenye bustani ya hospitali ya mkoa, pale ndugu wa wagonjwa wanapokaa kusubiri habari. Mganga Mkuu alipouliza ndugu wakae wapi, akaambiwa ajitahidi kupunguza wagonjwa.

Kisha ikaja habari ya kanuni. Wajumbe walikuwa wamerudi na kijitabu, nami nikapewa nikitafsiri kwa sababu niliwahi kufundisha Kiingereza shule ya msingi. Nikaendelea vizuri mpaka nilipofika mahali pa ushindi. Hapo iliandikwa kwamba mwenye mipigo michache kuliko mwenzake ndiye mshindi. Nikasoma tena. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, maneno yalikuwa yaleyale. Nikayapeleka kikaoni.

Mkuu wa Mkoa alivua miwani. "Katibu, unatueleza nini? Kwamba Mtukufu Rais asimame mbele ya mgeni akiwa na namba ndogo?"

"Si mimi, Mheshimiwa Daktari Daktari. Ni kijitabu."

"Kijitabu kimeandikwa na nani?"

"Na wenye gofu, Mheshimiwa."

"Ambao ni wa huko huko anakotoka mgeni." Akawageukia wajumbe. "Ndugu wajumbe, hii ni hujuma. Wametuuzia glavu moja moja, tukanyamaza kidogo. Sasa wanataka tumpunguze Mtukufu kwa mikono yetu wenyewe. Nauliza: nchi hii imepata kumwona mshindi mwenye kichache?"

Jaji mstaafu Pamfili Ngurumo akakohoa. Huyu ndiye Mwenyekiti wa Tume ya Kuhesabu, ambayo huhesabu kura, watu, ng'ombe na kitu kingine chochote ambacho taifa linataka kijulikane ni kingi. "Iliwahi kutokea, Mheshimiwa," akasema. "Jimbo moja, uchaguzi uliopita. Ila tulisahihisha kabla ya kutangaza."

"Basi sahihisheni na hapa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kuna mhenga aliyesema haba ipewe kikombe?"

Hakukuwa na mhenga wa namna hiyo. Kikao kikapitisha kwamba hilo ni kosa la mpiga chapa, na kwamba katika tafsiri ya Kitele mshindi awe mwenye mipigo mingi. Nilifungua mdomo. Mkuu wa Mkoa akaniuliza kama nina la ziada, nikasema nilikuwa napiga mwayo. Nikaenda kusahihisha, na kila aliyeiona tafsiri aliusifu mwandiko wangu.

Ushindi ukishajulikana ulipo, kazi ya Kamati ni kuuendea. Wakaamua kila kiwanja kidogo cha nyasi kiwe na mashimo mawili. Shimo la Mtukufu lilichimbwa jembamba, mpira upite kwa taabu, ili apate nafasi ya kupiga mara nyingi bila kubughudhiwa. Shimo la mgeni lilichimbwa pana kama sufuria ya msibani, tena kingo zake zikainamishwa, ili mpira wake utumbukie upesi na mipigo yake ikatike ingali michache. Kikaundwa pia kikosi kazi cha vijana wa mgambo wa kusimama karibu na shimo la Mtukufu na kuuzuia mpira kwa unyayo endapo utaonyesha dalili za kuingia mapema. Sijawahi kuona watu wakifanya hila kwa bidii na moyo mweupe namna ile.

*

Zabibu zikaiva. Na zilipoiva ikatoka amri ya Mkoa: asikate mtu kichala hata kimoja mpaka Mtukufu Rais aje aone neema ikining'inia.

Wapo waliolalamika. Bi Nyemo ndiye aliyewatuliza. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaambia wasiharibu, mnunuzi wa kudumu anakuja, mtu hagombi na mkwe kabla ya harusi. Na siku ya ziara ilikuwa karibu.

Siku hiyo ikaahirishwa kwa sababu Mtukufu alikuwa na mafua. Ikaahirishwa tena kwa sababu kigari kilichoagizwa kilifika kikiwa cheupe, na kwetu cheupe ni gari la wagonjwa. Ikaahirishwa mara ya tatu ili kupisha mazoezi ya sherehe za kuadhimisha uzinduzi wa kigari. Muda wote huo jua la Chigwalu halikuahirishwa. Nyuki walikuja, wakafuatiwa na ndege, kisha vichala vikaanza kusinyaa na kudondoka vyenyewe.

Bi Nyemo akanishika mkono uani. "Katibu, kaniombee nikate mistari ya nyuma tu. Barabarani haionekani. Nikipata kreti chache nitalipa ada ya mtoto, hizi nyingine nitawaachia mzione."

Nilikwenda. Mkuu wa Mkoa alinijibu kwa upole kwamba Mtukufu Rais huona mpaka nyuma ya vitu.

Nilipomletea jibu alifikicha kichala kilichokauka. Kisha akasema, "Haya. Mwaka mmoja nikipoteza, si kitu. Yakija mengine yote nikauza, huu nitausahau." Alisema kama anayejishauri, nami nikaitikia kwa kichwa.

Vichala vilipokwisha kabisa, Kamati haikubabaika. Malori yalikuja kutoka mji mkuu yamejaa zabibu za plastiki, zile wanazopamba nazo kumbi za harusi, na wakulima wakaamriwa kuzifunga kwenye mizabibu kwa uzi. Bi Nyemo alizifunga zake kwa uangalifu, kichala kwa kichala, akizichagulia mahali ambapo zabibu ya kweli ingekaa. Mkaguzi alipopita alisema shamba lake ndilo bora mkoani na kwamba msimu huu amepiga hatua.

Jioni moja alikuwa anasonga ugali, mimi nimekaa kwenye kigoda nikisubiri.

"Hivi huo mchezo," akauliza, "mtu anashindaje?"

"Unapiga mpira kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Mwenye mipigo mingi ndiye mshindi."

Mwiko ukasimama. "Mingi?"

"Mingi, mama."

"Basi mimi na hizi kuni mbichi ni bingwa wa kupika."

"Kamati ndivyo ilivyoamua."

Aliniangalia kidogo, kisha akaendelea kusonga. "Sawa. Serikali ina wasomi." Nilitaka kumwambia habari ya kijitabu. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini ugali ukawa umeiva, akanipakulia, nikala.

*

Mtukufu Rais alifika na msafara mrefu hata gari la kwanza lilikuwa limeshaegeshwa Chigwalu wakati la mwisho linapigwa saluti mji mkuu. Wananchi walikuwa wamekusanywa pande zote za kiwanja nyuma ya kamba. Mbele yao ilikaa Brigedi ya Makofi ya Taifa, vijana wenye sare za njano waliofundishwa kupiga makofi kila msemaji anapotua, kwani zamani wananchi walikuwa wakikosea na kupiga mahali pasipofaa.

Bwana Vindelaar alikuwa mzee mrefu, mwekundu, mwenye mfuko wa fimbo uliochakaa na glavu moja tu, ya kushoto, kama ilivyo desturi ya gofu. Alipomwona Mtukufu amevaa mbili, zote za kushoto, kidole gumba cha mkono wa kulia kikiwa kimeelekea kusikojulikana, alisita, halafu akainama kwa heshima. Nadhani alidhani ni vazi la jadi.

Alipoonyeshwa mashimo mawili, moja lake na moja la mwenyeji, akalitazama lake, akamtazama mkalimani, akatazama tena shimo. Kupitia mkalimani akasema amezunguka dunia nzima na hajawahi kukutana na ukarimu kama huu. Mkuu wa Mkoa akatukonyeza.

Mtukufu akapiga mpira wa kwanza. Sasa, ndugu msomaji, sitaki unitunuku shahada ya uongo, lakini niliona kwa macho yangu. Mpira uliruka pembeni kabisa, ukaelekea shamba la Bi Nyemo, ukagonga nguzo ya mzabibu, ukarudi kwa hasira, ukapita katikati ya miguu ya mgambo aliyekuwa amepiga saluti badala ya kuulinda, ukatumbukia kwenye shimo jembamba. Kwa mpigo mmoja.

Bwana Vindelaar alitupa kofia yake hewani. Alikwenda akamshika Mtukufu mabega yote mawili, macho yamemlengalenga machozi, akawa anarudia neno moja ambalo mkalimani alilifasiri kuwa ni muujiza.

Upande wetu palikuwa matanga. Mkuu wa Mkoa alikuwa amekaa chini mchangani. Mtukufu akatazama shimo, akatazama fimbo, akauliza kwa sauti ndogo, "Moja tu?"

"Ni shimo, Mtukufu," akasema Mkuu wa Mkoa. "Limemeza kabla hujamaliza."

"Mimi nikianza jambo hukatizwa?"

Mgambo yule alikamatwa palepale. Jaji Ngurumo akasogea kwenye kipaza sauti akautangazia umma kwamba mpigo ule umeharibika na Tume haitauhesabu, hivyo zoezi litarudiwa. Bwana Vindelaar akauliza kama amesikia vizuri. Akaambiwa amesikia vizuri. Akauliza kama Mtukufu mwenyewe anaafiki. Mtukufu akajibu kwamba yeye ni mtu wa haki na hapendi vya dezo.

Kuanzia hapo mambo yalikaa sawa. Mtukufu alipiga kwa nguvu zote za dola. Alipiga mchanga, akapiga nyasi za hospitali, akapiga vichala vya plastiki vikaruka mpaka kwa wanakwaya waliokuwa wakisubiri zamu yao. Kila mpira ulipokaribia shimoni, unyayo wa mgambo ulikuwepo. Na kipaza sauti kikawa kinatangaza: "Shimo la nne. Mtukufu Rais, ishirini na tisa. Mgeni wetu, mitatu." Makofi. "Shimo la tano. Mtukufu Rais, thelathini na moja. Mgeni wetu, miwili." Makofi.

Bi Nyemo alikuwa amesimama kwenye kamba karibu nami, amevaa kitenge chake cha kanisani. Kwa kila namba ya Mtukufu alipiga kigelegele. Alikuwa akijumlisha kichwani, na kadiri jumla ilivyopanda nilimwona uso unafunguka, kama anauona moshi wa kiwanda. "Twende, Baba," akawa anasema chinichini. "Ongeza." Nilijaribu kujiambia kwamba wajumbe wote hawawezi kukosea na kijitabu kimoja kikapatia.

Walipofika shimo la kumi na tano Mtukufu alikuwa ameloa jasho, na glavu ya mkono wa kulia ilikuwa imeanza kumnyima damu. Tume ikatangaza kwamba, kwa kuwa mwelekeo unajulikana, mashimo yaliyobaki yatajazwa ofisini. Matokeo ya mwisho yakasomwa: Mtukufu Rais, mipigo mia nne na kumi na saba. Bwana Vindelaar, arobaini na sita. Karatasi ya matokeo, kama nilivyoona, ilikuwa imepigwa chapa kabla ya ziara, na kwa kweli Mtukufu alikuwa amejitahidi sana kuifikia.

Bwana Vindelaar aliuliza mara mbili kama hesabu ni sahihi.

"Tume hii," akasema Jaji Ngurumo, "haijawahi kubatilishwa na mtu yeyote aliye hai."

Yule mzee akamkumbatia Jaji. Akamkumbatia Mkuu wa Mkoa, akanikumbatia na mimi. Kisha akapiga mluzi, na kutoka kwenye gari lake wakashuka wapima ardhi na vigingi.

*

Ndani ya hema la Mtukufu tulikuwa wanne: yeye, Mkuu wa Mkoa, Jaji, na mimi kwa sababu ya ukatibu. Nje vigingi vilikuwa vinagongwa.

"Nimeshinda au sikushinda?" akauliza Mtukufu.

"Umeshinda kwa kishindo, Mtukufu," akasema Mkuu wa Mkoa.

"Mbona anapima yeye?"

Mkalimani alikuwa ameshamnong'oneza Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa ilibidi amnong'oneze Mtukufu. Ilichukua muda, maana alitanguliza itifaki. Mtukufu alisikiliza mpaka mwisho huku akijivua glavu.

"Kulikuwa na mtu aliyezijua hizi kanuni?"

Mkuu wa Mkoa alinitazama. Ningeweza kusema ndiyo, Mtukufu, nilizisoma nikazipeleka kikaoni. Nikasema hakuna.

Jaji Ngurumo akajitolea. "Mtukufu, bado tuna njia. Tume inaweza kutangaza kwamba ilikosea kuhesabu. Tukamwachia mgeni ile mia nne na kumi na saba, wewe ukabaki na arobaini na sita."

Watu husema ovyo kwamba hana akili, lakini siku ile nilimwona akifikiri, na alifikiri vizuri kuliko sisi wote.

"Jaji, uchaguzi uliopita ni wewe uliyenihesabia?"

"Ni mimi, Mtukufu."

"Nilipata ngapi?"

"Asilimia tisini na saba, Mtukufu."

"Basi hujakosea," akasema. "Wala hutakosea. Tokeni."

Tukatoka, na serikali ikatoa tamko. Tele imeshinda. Na kwa kuwa mshindi wa kweli ni mwenye kujaliwa moyo wa huruma, Mtukufu Rais amemzawadia aliyeshindwa Bonde la Chigwalu kuwa kifuta jasho. Wakulima wahame kwa furaha kabla ya msimu wa kupogolea. Brigedi ikapiga makofi.

Bi Nyemo alikuja nilipokuwa. Kigingi kimoja kilikuwa kimegongwa katikati ya mistari yake, nguzo mbili zimeng'olewa kupisha kamba ya kupimia.

"Tumeshinda?" akaniuliza.

"Tumeshinda, mama."

"Na shamba?"

"Limekwenda."

Hakulia. Aliuliza tu, "Ulikuwa unajua, mwanangu?" Ndiyo kwanza aniite mwanangu baada ya muda mrefu, na nilitamani angeniita kitu kingine chochote. Kabla sijajibu, ofisa wa itifaki akaja kumchukua.

Kwetu Tele, kila kinachotolewa au kuchukuliwa lazima mwananchi mmoja asimame kushukuru. Kamati ilikuwa imemteua yeye tangu awali, kama mkulima bora, kwa jinsi alivyofunga zabibu zake. Akapewa karatasi, akapandishwa jukwaani, kipaza sauti kikashushwa hadi kimo chake. Mtukufu Rais alikuwa ameketi mbele, anakunywa sharubati ya zabibu iliyotoka nje ya nchi, anapepewa.

Bi Nyemo aliitazama karatasi. Akaikunja, akaishika mkononi.

"Mtukufu Rais, shikamoo. Naitwa Nyemo Chilongani, mkulima. Hapa nimeandikiwa kwamba nimefurahi. Basi nimefurahi. Walanguzi walinipunja miaka yote, lakini wakiondoka shamba waliniachia. Ndege walikula vichala, mizabibu wakaniacha nayo. Jua nalo likachoma kilichobaki, ardhi ikabaki yangu. Leo tumeshinda, na sijui nilale wapi. Kwa hiyo nakushukuru, Baba, wala sina neno. Ombi langu ni moja tu. Usitushindie tena."

Akatua. Brigedi, kama ilivyofundishwa, ikapiga makofi. Mawaziri wakapokea. Mtukufu Rais, ambaye alikuwa akizungumza na mgeni wake na hakusikia vizuri, alipoona watu wanapiga makofi akaweka gilasi chini, akapiga na yeye, tena kwa tabasamu. Na mimi nikapiga. Bi Nyemo alikuwa bado amesimama pale juu, ananiangalia mimi, mpaka nikaacha.